Vidaraja vya chuma vilivyokatwa katikati kwenye loki za Mfereji wa Stratford: mwanya ni wa nini, na rangi ipakwe vipi?

Kombo_BHM aliandika:

Habarini wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaoielewa mifereji ya zamani ya Uingereza.

Mfereji wa Stratford-upon-Avon unaanzia Kings Norton hapa Birmingham na kuishia mjini Stratford. Njiani boti zinapandishwa na kushushwa kwa loki, yaani vile vyumba vya maji vyenye milango mbele na nyuma. Kando ya loki nyingi kuna kidaraja cha chuma cha waenda kwa miguu, nacho kimegawanyika vipande viwili. Kila kipande kimechomoza kutoka ukuta wake, na katikati havigusani. Unabaki mwanya wa kama inchi moja ambao ukiinama unaona maji chini.

Kikundi chetu cha kujitolea kimekubaliana na Canal & River Trust (shirika linalotunza mfereji huu, kwa kifupi Trust) kusafisha na kupaka rangi kidaraja kimoja kabla baridi haijaanza. Maswali ni haya. Mwanya uliachwa kwa sababu gani? Kuna mwenzetu anasema ni nafasi ya chuma kutanuka wakati wa joto, ni kweli? Je, tukiwaomba waturuhusu kuuziba kwa bamba ili magurudumu ya vigari vya watoto yasinase, kuna ubaya? Kila nusu inashikiliwa na nini hata isitumbukie? Na kwenye rangi: aina gani, kiasi gani, na makosa gani ya kuepuka?

Kwa vipimo vya haraka: kila nusu imetoka ukutani kama mita 1.2, na upana wa kukanyaga ni karibu mita 1.2 vilevile. Natanguliza shukrani.

---

NjiaYaFarasi alijibu:

Karibu kaka Kombo. Mwanya ule ni wa kamba ya farasi.

Mfereji uliidhinishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1793 na ukakamilika mwaka 1816. Wakati huo boti hazikuwa na injini. Farasi mmoja alitembea kwenye njia ya ukingoni akivuta kwa kamba ndefu boti nyembamba yenye mzigo wa tani 25 hivi. Sasa tazama panapotokea shida. Boti imo ndani ya loki, maji yameshateremshwa, lango la chini limefunguliwa. Farasi ametangulia mbele na ameshapita kichwa cha daraja upande wa nchi kavu. Kamba inatoka kwake, inalala juu ya ile nusu ya daraja iliyo upande wa njia yake, na kurudi nyuma mpaka kwenye mlingoti mfupi wa boti. Boti inatakiwa ipite chini ya daraja, na kamba iko juu yake. Daraja lingekuwa zima, ingebidi kamba ifunguliwe, ipitishwe chini, ifungwe upya, na farasi aanze tena kuukokota mzigo uliosimama. Hapo pa kuanzia ndipo panapomchosha kuliko mahali pengine popote. Kwa mwanya, kamba inasogezwa mpaka ncha ya nusu ya daraja, inazama, na kuanzia hapo iko chini pamoja na boti. Farasi haachi kuvuta.

Unaweza kuuliza kwa nini wasingejenga daraja refu zaidi ili njia ya farasi ipite chini yake. Jibu ni gharama. Loki za mfereji huu zina upana wa futi 7 hivi, sawa na mita 2.1. Mjenzi akiweka daraja pale kuta za loki zinapoishia, upande wa maji ya chini, anahitaji kuvusha mita mbili na kitu tu. Akitaka njia ya farasi nayo ipite chini, urefu unazidi mara mbili, na lazima anyanyue daraja lote na kulijengea miinuko pande zote.

Upande nao una maana. Madaraja haya yako kwenye mkia wa loki, yaani mwisho wa upande wa maji ya chini, si kwenye kichwa, upande wa maji ya juu. Kwenye kichwa maji yako karibu na ukingo, kwa hiyo daraja lililo usawa wa ukingo lisingeacha nafasi ya boti kupita. Kwenye mkia maji yamekwisha kushuka mita mbili hivi, na nafasi ya kupita ipo bila kupandisha daraja hata kidogo. Mfereji jirani wa Staffordshire and Worcestershire nao una madaraja yenye mwanya, lakini huu wa Stratford ndio unaojulikana zaidi kwa vidaraja vya chuma vya namna hii.

Habari ya joto si kweli. Chuma cha kusubu, yaani cha kumiminwa kwenye kalibu, chenye urefu wa mita 1.2 kikipanda joto kwa nyuzi 40 za Selsiasi kinarefuka kama nusu milimita. Nusu mbili kwa pamoja ni milimita moja. Hakuna fundi angeacha milimita 25 kwa ajili ya milimita moja.

Mkianza kazi, kagueni ncha ya nusu iliyo upande wa njia ya farasi, na pembe za nguzo za reli. Mkikuta vijia laini vilivyochimbika kwenye chuma, hizo ni alama za kamba. Kamba iliyolowa inabeba mchanga, na mchanga ule ukipita mahali pamoja miaka na miaka unakata chuma. Msizijaze kwa pasta ya kujazia wala kuzisaga ziwe sawa. Pakeni rangi nyembamba juu yake ili zibaki zikionekana, kwa sababu ndiyo ushahidi pekee ulioandikwa na kazi yenyewe.

---

Mhandisi_Kuta alijibu:

Nadakia swali la nini kinashikilia, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Kila nusu ni mkono ulioshikwa upande mmoja tu. Hauna nguzo chini wala hauegemei mwenzake. Mtu akisimama kwenye ncha, mkono unataka kuinama mbele, na mkia wake uliozikwa ukutani unataka kuinuka. Kwa hiyo kinacholinda daraja ni uzito wa tofali uliokalia ule mkia, au bolti ndefu zilizoshuka ndani ya ukuta, au vyote viwili.

Tuchukue vipimo vyako kwa mfano. Umati wa watu waliosongamana huhesabiwa kilo 500 kwa mita ya mraba. Nusu moja ina mita za mraba 1.44, hivyo ni kilo 720, na kitovu cha mzigo huo kiko sentimita 60 kutoka ukutani. Zidisha kilo kwa mita upate 432, kipimo cha nguvu inayouinamisha mkono. Ongeza uzito wa chuma chenyewe, tuseme kilo 250 zenye kitovu cha sentimita 50, hiyo ni 125 nyingine. Jumla ni kama 557. Ikiwa mkia umezama ukutani sentimita 90, nguvu ya kuuinua ni 557 gawa kwa 0.9, yaani karibu kilo 620. Tofali zilizojengwa zina uzito wa kilo 1,900 hadi 2,000 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unahitaji kama theluthi moja ya mita ya ujazo ili mambo yawe sare tu, na mara mbili yake ili ulale usingizi. Pale ambapo sakafu ya daraja iko usawa wa ukingo na hakuna nguzo za tofali juu ya mkia, uzito huo hauwezi kutoka juu. Hapo mnategemea bolti, na bolti hizo zimefichwa ndani ya ukuta unaokaa umelowa.

Jambo la pili ni chuma chenyewe. Hiki ni chuma cha kusubu, kilichomiminwa kwenye kalibu. Kinavumilia kugandamizwa vizuri sana, lakini kikivutwa ni dhaifu, mara tatu au nne chini ya hapo, na hakipindi kabla ya kuvunjika. Kinapasuka ghafla. Kwenye mkono wa namna hii, sehemu inayovutwa ni ya juu, karibu kabisa na ukuta. Ndiyo maana mikono hii huwa minene kwenye shina na kupungua kuelekea ncha. Nanyi ufa utafuteni hapohapo: upande wa juu, sentimita 20 za kwanza kutoka kwenye tofali, na kuzunguka matundu ya bolti. Osheni, acheni pakauke, kisha angalieni kwa tochi iliyolazwa ubavuni. Ufa wa chuma cha kusubu hujionyesha kama mstari mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa unaorudi hata baada ya kufutwa.

Kuhusu kuziba mwanya kwa bamba: msiombe bamba lililofungwa bolti pande zote mbili. Kuta za loki za zamani husogea ndani taratibu. Udongo nyuma yake umelowa, baridi kali inaganda na kuyeyuka, mizizi ya miti inasukuma. Leo kila nusu inaweza kusogea na ukuta wake bila kumdhuru mwenzake, kwa sababu pana mwanya. Mkizifunga pamoja, ukuta ukisogea milimita chache nusu zinasukumana, na chuma hiki hakijui kujikunja. Kitapasuka kwenye shina, au kitang'oa tofali. Msijaze mwanya kwa silikoni ngumu, zege au mbao za kugongea pia.

Madaraja mengi ya mfereji huu yameorodheshwa kama majengo ya kihistoria ya kiwango cha II, kwa hiyo badiliko la namna hiyo linahitaji kibali cha halmashauri mbali na ruhusa ya Trust. Kupaka rangi ileile juu ya rangi ileile kwa kawaida hakuleti shida, lakini mshauri wao wa urithi ndiye wa kusema.

---

MamaZuhura alijibu:

Naheshimu maelezo ya Mhandisi, ila swali la magurudumu lisipite hivihivi. Gurudumu dogo la mbele la kiti cha magurudumu lina unene wa milimita 25 hadi 40. Mwanya wa milimita 25 unaovukwa kwa pembe ya mraba haulimezi gurudumu hilo, linaruka kwa mshtuko mdogo. Shida inakuja likigeuka sambamba na mwanya, na kwa vigari vya watoto vyenye magurudumu membamba.

Kama Trust watakubali kuwe na kifuniko, kinachofaa ni bamba jembamba la aluminiamu lenye michirizi, upana wa milimita 150, lililofungwa upande mmoja tu. Upande wa pili liteleze juu ya sakafu kwa uhuru. Lifungwe kwa kibano kinachoshika sakafu kwa chini, bila kutoboa chuma hata tundu moja, na liweze kuondolewa kwa spana wakati wa ukaguzi. Kati ya aluminiamu na chuma wekeni raba ya milimita 3, vinginevyo metali hizo mbili zikikutana na maji moja inamla mwenzake.

Ila pimeni kwanza upana wa kupita kati ya reli na ngazi za kufikia daraja. Kwenye loki nyingi kikwazo cha kweli ni ngazi mbili tatu za tofali kabla hujafika kwenye daraja, na pale bamba halisaidii kitu.

---

Fundi_Brashi alijibu:

Haya, rangi.

Anzeni kwa kuamini kwamba rangi ya zamani ina risasi, ile metali yenye sumu (lead). Chuma cha umri huu kimepakwa tabaka nyingi, na za chini karibu zote ni za enzi za risasi. Kwa hiyo hakuna kupiga msasa mkavu, hakuna mashine ya brashi ya waya, hakuna kuchoma kwa moto. Vumbi na moshi wa risasi vinaingia kwenye damu, na Uingereza kazi hii inaangukia kwenye kanuni za risasi kazini za mwaka 2002. Mnalowesha kwa chupa ya kunyunyizia, mnakwangua kwa kikwangulio cha mkono, mnasugua kwa msasa wa maji namba 120. Barakoa iwe ya P3 (daraja la kuchuja vumbi laini kabisa), glavu za nitrili, na hakuna kula wala kuvuta sigara mpaka mikono na uso vimeoshwa. Maganda yote yaangukie kwenye turubai lililofungwa chini ya reli kama beseni, yaingie kwenye mifuko miwili, yafungwe, na Trust wawaelekeze yanapopelekwa kama taka hatari. Ganda moja lisianguke mfereji.

Si lazima kufika kwenye chuma kitupu kila mahali. Rangi iliyoshika imara iacheni, mlainishe tu kingo zake. Kinachotolewa ni iliyovimba, iliyopasuka na iliyo juu ya kutu. Moss (vimelea vya kijani vya penye unyevu) na ukungu vitoke kwanza kwa maji, sabuni ya kawaida na brashi ngumu, kisha suuzeni kwa maji safi mara mbili, maana sabuni ikibaki rangi haishiki. Chuma cha kusubu kina vishimo vinavyoficha maji. Kikionekana kikavu, kifuteni kwa kitambaa kikavu na mngoje saa moja nyingine. Panapoonekana chuma kitupu papakwe rangi ya msingi siku hiyohiyo, ndani ya saa nne. Mkiacha hadi kesho mtakuta vumbi la kutu na kuanza upya.

Rangi ya msingi iwe ya fosfeti ya zinki, ya mafuta. Tabaka mbili kwenye mabaka ya chuma kitupu, kisha tabaka moja juu ya daraja lote. Halafu rangi ya kati, halafu ya kung'aa ya nje. Kabla ya kila tabaka la daraja zima, pitisheni brashi ndogo peke yake kwenye kingo kali, vichwa vya bolti na maungio ya reli. Rangi ikikauka hujivuta kutoka kwenye ukingo mkali na kuacha utando mwembamba, na ndiyo sababu kutu huanzia kila mara kwenye pembe. Hii hatua watu huiruka, na ndiyo inayotenganisha kazi ya miaka minane na kazi ya miaka mitatu.

Kiasi: kidaraja cha vipimo vyako, reli pande mbili na mikono yake kwa juu na ubavuni, ni kama mita za mraba 12. Kwa brashi juu ya chuma chenye vishimo hesabuni mita za mraba 8 kwa lita. Tabaka moja ni lita 1.5, hivyo kopo la lita 2.5 linatosha kwa kila tabaka na linabaki la kurudia. Jumla: makopo mawili ya msingi, moja la kati, moja la nje kwa kila rangi. Kwa kawaida ni nyeusi na nyeupe, lakini namba kamili ya rangi watawapa wao.

Hali ya hewa: joto lisishuke chini ya nyuzi 5, unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma chenyewe kiwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone. Kwa Septemba hapa maana yake ni kuanza baada ya saa nne asubuhi na kuacha brashi ifikapo saa kumi alasiri, kwa sababu umande wa jioni ukitua kwenye rangi mbichi unafifisha mng'ao wote.

Ndani ya mwanya tumieni brashi nyembamba yenye mpini mrefu, ile ya kupakia nyuma ya redieta. Pakeni upande mmoja, subirini ukauke, kisha wa pili, na vutisheni kipande cha kadibodi katikati ili rangi isiunganishe pande mbili. Kwenye sakafu, msipake rangi ya kung'aa tupu. Ikilowa inateleza vibaya. Nyunyizieni mchanga mkavu wa silika, chembe za milimita 0.4 hadi 0.8, juu ya tabaka likiwa bado bichi, fagieni uliozidi kesho yake, kisha funikeni kwa tabaka jembamba.

Panapokutana chuma na tofali msizibe kwa masitiki kuzunguka pande zote. Upande wa juu zibeni, wa chini acheni wazi. Maji yataingia tu kupitia tofali, na yakikosa pa kutokea yanakaa na mkia wa chuma mchana na usiku.

---

Kombo_BHM aliandika:

Asanteni sana wakuu, hii ni zaidi ya tulichotarajia. Leo tumeosha na kupima tu, hatujakwangua. Mwanya una milimita 24 upande wa lango la loki, katikati 21, na upande wa pili 17. Ncha za nusu mbili hazilingani kimo: ya upande wa njia ya farasi iko chini kwa milimita 4. Na chini ya kona moja ya nusu hiyohiyo kuna michirizi ya kutu ikishuka kwenye tofali, na kiungo cha tofali juu ya mkia kimefunguka kiasi cha kuingiza sarafu. Tuendelee na rangi?

---

Mhandisi_Kuta alijibu:

Hapana, simamisheni kwanza rangi kwenye nusu hiyo. Mmefanya vizuri kupima.

Mambo matatu uliyoyataja yanasema kitu kimoja. Mwanya kutofautiana milimita 7 kutoka upande hadi upande ni kwamba nusu mojawapo imegeuka kidogo, au bawa la ukuta wake linageuka. Lenyewe lingeweza kuwa la tangu zamani. Ncha kuwa chini kwa milimita 4 pia lingeweza kuwa la tangu siku ya kujengwa. Lakini kiungo kilichofunguka juu ya mkia, pamoja na kutu inayoshuka kwenye kona hiyohiyo, ni dalili kwamba chuma kilicho ndani kinavimba. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na ikifungiwa ndani ya tofali inazinyanyua. Tofali zikinyanyuka, ule uzito unaokalia mkia haukalii tena sawasawa, na ncha inashuka.

Cha kufanya leo: pigeni picha kiungo hicho na rula ikiwa kando yake. Bandikeni vipande viwili vidogo vya kioo au vya plasta juu ya ufa na kuandika tarehe. Vikipasuka, ufa bado unatembea. Rudieni vipimo vitatu vya mwanya na kimo cha ncha saa ileile ya siku, kila wiki. Joto peke yake haliwezi kubadilisha mwanya zaidi ya milimita moja, hivyo badiliko la milimita 2 au 3 ni ukuta au mkia. Mtu mmoja asimame kwenye ncha, mwingine aweke kidole kwenye mpaka wa chuma na tofali. Chuma kikihisika kinacheza ndani ya tofali, daraja lifungwe siku hiyo kwa kuwapigia Trust, na msingoje barua pepe ijibiwe. Lisipocheza, tumeni picha na vipimo na mwombe mkaguzi wao aje.

Msijaze ufa ule kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali za zamani na inafungia maji. Matengenezo yake yatakuwa kufungua tofali juu ya mkia, kusafisha chuma, kukagua bolti, kisha kujenga upya kwa chokaa ya asili inayogandia majini, aina ya NHL 3.5, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga mkali. Hiyo ni kazi yao. Na wakikuta ufa kwenye chuma, msishangae wakikataa kulehemu: chuma cha kusubu kikichomelewa bila kupashwa moto chote hupasuka pembeni mwa kiungo. Mafundi hukishona kikiwa baridi kwa vipande vya metali vilivyopachikwa kuvuka ufa.

---

NjiaYaFarasi alijibu:

Kombo, nusu ya pili mnaweza kuendelea nayo. Na msivunjike moyo kwa ucheleweshaji. Sehemu ya kusini ya mfereji huu ilifikia hatua ya kutaka kufungwa kabisa mwishoni mwa miaka ya 1950. National Trust (shirika la kuhifadhi urithi, si Trust hii mnayofanya nayo kazi) waliichukua mwaka 1960, ikakarabatiwa chini ya David Hutchings kwa mikono ya watu wa kujitolea, wanajeshi na wafungwa, na kufunguliwa tena mwaka 1964. Vidaraja hivi vipo kwa sababu kuna watu waliofanya kazi kama yenu.

Mambo ya usalama ambayo hayajatajwa. Daraja liko juu kabisa ya mahali maji ya loki yanapotokea. Boti moja ikishuka, lita kama 100,000 zinamwagika chini yenu ndani ya dakika chache, na ngazi au jukwaa lolote lililosimama majini litasombwa. Mtu mmoja asiwe na brashi, awe na kazi ya kuangalia boti pande zote mbili tu. Turubai lenu liwe la kufunguka kwa kamba moja, maana linaning'inia kwenye kimo cha kichwa cha nahodha. Kila anayeegemea nje ya reli avae jaketi la kuokolea. Vidonda vifunikwe kwa plasta isiyopitisha maji: mifereji ina panya, na ugonjwa wa leptospirosisi, uleule ulioitwa homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022, unaingia kupitia mchubuko mdogo tu. Mtu akipata homa na maumivu ya misuli ndani ya wiki tatu baada ya kazi, amwambie daktari kwamba alikuwa mferejini.

Chini ya sakafu msiguse. Kufika pale kunahitaji jukwaa linaloziba njia ya boti, na Trust hufunga loki kwa matengenezo hasa kati ya Novemba na Machi. Miezi hiyo ni baridi mno kwa rangi ya mafuta, kwa hiyo wao huleta mahema na vipasha joto, au hutumia rangi ya vijenzi viwili inayokauka kwenye ubaridi. Waombeni sasa hivi waiingize kwenye ratiba ya baridi ijayo pamoja na ule mkia, kwa kuwa orodha ya kufunga loki hupangwa miezi mingi kabla, na jukwaa moja litatosha kazi zote mbili.